Lita Nne Zinatosha: Majibu kwa Wasomaji Wanaopika Bia Nyumbani

Toleo lililopita nilieleza togwa ya ulezi, na barua zilizorudi karibu zote zinauliza bia. Nimefurahi, maana kazi hizi mbili ni ndugu. Kwa wanaoianza safu hii leo: nilikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari hadi nilipostaafu. Nyumbani ni Chumbageni, Tanga, na bia naipika jikoni kwangu, lita nne kwa mara moja, tangu 2011.

Shikamoo mama. Nina jiko la gesi, sufuria mbili na hamu kubwa. Kila maelezo ninayoyapata yanataka mapipa ya chuma na mashine ya kupozea. Mtu wa kipato cha kawaida aanzie wapi? — Msomaji, Makorora

Marahaba mwanangu. Usinunue pipa. Marekani watu wamezoea kupika lita 19 kwa mara moja, na kipimo hicho kinafaa penye baridi. Hapa kwetu adui ni joto. Lita nne zilizotoka kuchemka ukizikalisha kwenye beseni la maji na barafu zinapoa kwa nusu saa. Lita 19 zitabaki vuguvugu mpaka usiku, na vuguvugu ndiko wadudu wa uchachu wanakozaliana. Tena bia inapoumuka hujitia joto yenyewe. Chombo kidogo hulitoa, kikubwa hulifungia ndani.

Kwa hiyo sufuria ya lita 10 yenye kifuniko inatosha, pamoja na ile ya pili uliyo nayo. Tafuta ndoo nyeupe ya chakula ya lita 10, isiyowahi kuwekwa rangi wala sabuni. Ongeza mpira mwembamba wa mita moja, kipimajoto, mizani ndogo inayosoma gramu, na kitambaa cha kuchujia tui. Chandarua usikitumie hata kama ni kipya. Vingi vina dawa ya mbu.

Aliyewahi kutengeneza togwa ameshafanya nusu ya kazi. Umeona uji mzito ukitiwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, unavyolegea na kuwa mtamu? Vimeng'enya vya kimea vinakata wanga kuwa sukari. Bia ni jambo lilelile, ila joto lake lina mipaka: nyuzi 65 hadi 68. Ukizidisha sana unaviua vimeng'enya, ukipunguza sana wanga unabaki wanga.

Chukua kilo moja ya kimea cha shayiri, kiparazwe tu, kisiwe unga. Chemsha lita mbili za maji, changanya na lita moja ya maji ya kawaida; kwa hapa Tanga utapata kama nyuzi 76. Ukimwaga kimea na sufuria ikala joto lake, unashuka palepale panapotakiwa. Pima, usikisie. Funika, zungushia blanketi zito, acha saa nzima.

Kisha chuja. Mwagia machicha lita tatu za maji ya moto yasiyozidi nyuzi 78, taratibu, ili kutoa utamu uliobaki. Machicha hayo yatakunywa karibu lita moja, kwa hiyo mkononi una lita tano. Chemsha saa nzima bila kufunika. Mwanzo tia gramu 8 za hopsi, yale maua makavu yanayotia bia uchungu. Lita moja itapaa na mvuke, zitabaki nne. Poza haraka, mimina kwenye ndoo kwa kishindo ili ipate hewa, tia gramu 3 za hamira ya bia. Funika, pitisha mpira kwenye tundu la kifuniko, na ncha ya pili izame kwenye chupa ya maji. Gesi itatoka, nzi hataingia.

Maji yetu ya bomba yanatoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, nayo hutiwa klorini. Yachote jana yake yalale kwenye ndoo wazi, au yachemshe robo saa. Klorini ikikutana na kimea huleta ladha ya dawa ya hospitali, na ikishaingia haitoki. Wa visima vya karibu na pwani, onjeni kwanza. Maji ya chumvi hayatoi bia.

Na usafi. Kila kitakachogusa bia baada ya kupoa kiwe kimetakaswa: vijiko viwili vya chai vya dawa ya kung'arishia nguo, isiyo na manukato, katika lita nne za maji, dakika kumi, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Dawa hiyo kamwe usiichanganye na siki wala ndimu. Inatoa gesi ya sumu.

Mama, bia yangu ilitoka na harufu ya rangi ya kucha, na glasi moja ilinipa kichwa cha siku nzima. Niliiweka stoo, Februari. Nilikosea wapi? — Msomaji, Pongwe

Stoo ya Februari, mwanangu, ndiyo kosa lenyewe. Mwezi huo mchana wetu hukaribia nyuzi 33, na ndoo inayoumuka huongeza juu yake. Hamira ya kawaida ya bia inataka 18 hadi 22. Ikichemkwa na jua inatoa vileo vizito na hiyo harufu uliyoinusa, na vileo hivyo ndivyo ninavyovishuku kwa kile kichwa. Imwage.

Mimi kazi yangu kubwa naifanya kuanzia Juni mpaka Agosti, wakati wa kipupwe, usiku unaposhuka karibu na nyuzi 20. Hata hapo ndoo naiketisha kwenye beseni pana la maji, nimeivisha fulana kuukuu ya pamba iliyoloa, mahali penye upepo. Miezi ya kaskazi unyevu wa pwani hufanya fulana isisaidie sana, maana maji hayakauki upesi. Basi unagandisha chupa za maji za nusu lita: mbili kwenye beseni asubuhi, mbili jioni, zilizoyeyuka zinarudi kwenye friza. Siku tatu za mwanzo ndizo za kulinda kama mtoto mchanga. Baada ya hapo joto likipanda kidogo halidhuru.

Ipo njia ya pili, nami naipenda kuliko zote. Wakulima wa magharibi mwa Norwe walitunza hamira zao wenyewe kizazi kwa kizazi, wanaziita kveik. Hizo zinafanya kazi kwenye nyuzi 35 bila kuharibu ladha, na kwa siku chache tu. Nchi ya baridi imetupa hamira ya Tanga! Walikuwa wakizikausha juu ya pete za mbao zilizochongwa, wakitumbukiza pete ileile kwenye pishi linalofuata.

Niliposoma habari hiyo nilinyamaza kwa muda. Bibi yangu mzaa mama, huko Upare, alipika dengelua, pombe ya miwa. Kamba ya matunda makavu ya mwegea ilining'inia juu ya meko yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Aliyatia kwenye maji ya miwa, pombe ikiiva akayatoa, akayakausha, akayatundika tena. Nilidhani ni ya ladha tu. Kumbe ndani ya nyuzinyuzi zile alikuwa anafuga hamira, mwaka baada ya mwaka, kama wale wa Norwe. Hakuwahi kuona darubini. Ningependa angekuwepo nimwoneshe nilichokiona mimi maabara.

Ukipata kveik, basi, usimwage mashapo. Yatandaze kwenye karatasi ya kuokea, yakauke kivulini mahali pasafi, yafunge, yaweke kwenye friji. Kijiko kimoja cha chai kinaanzisha pishi jingine.

Nilinunua shayiri ya dukani, ile ya shurba, nikailoweka siku nne. Haikuota, ikanuka. Kimea nitakipata wapi? — Msomaji, Mikanjuni

Pole dada. Ile imekobolewa, kiini chake kimekwenda na ganda; haiwezi kuota hata ukiiombea. Unataka shayiri nzima yenye ganda. Nchini kwetu inalimwa kaskazini, Monduli, Karatu na magharibi mwa Kilimanjaro, kwa hiyo mwenye jamaa huko amwagize kilo tano kwa basi.

Loweka saa nane, mwaga maji ipumue saa nane, loweka tena saa nane. Itandaze juu ya gunia lililoloa, unene wa vidole viwili, igeuze asubuhi na jioni. Vitabu vinasema siku tano. Kwa joto letu siku ya tatu au ya nne chipukizi lililo chini ya ganda linakuwa limefika karibu na urefu wa punje. Hapo anika juani juu ya mkeka mpaka punje ikitafunwa ilie, kisha isugue uondoe vimizizi, maana vinatia uchungu mbaya.

Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa manjano, tupa yote. Usichambue. Sumukuvu haionekani kwa macho na kuchemsha hakuiondoi. Nasisitiza kwa sababu najua uchungu wa kutupa nafaka uliyoilipia nauli.

Kimea cha ulezi nacho kinafaa, ndicho cha mbege ya Wachaga. Changanya nusu kwa nusu na shayiri. Bia itakuwa na rangi ya udongo na uchachu mwembamba kwa mbali.

Nataka kutia kwenye chupa lakini naogopa kupasuka. Haidromita, kile kipimo cha utamu wa maji ya kimea, sina. — Msomaji, Raskazone

Hofu yako ni ya haki. Mwaka 2013 niliharakisha, nikatia bia siku ya tano kwenye chupa za kioo. Zilipasuka nne usiku mmoja ndani ya kabati la jikoni, na kipande cha kioo nilikikuta kimechoma mlango wa kabati. Wajukuu zangu hulala chumba cha pili. Tangu siku hiyo ninatumia chupa za plastiki za soda zenye vizibo vyake. Unaibonyeza: ikilegea, gesi bado, ikiwa ngumu kama mpira wa miguu, peleka kwenye friji.

Haidromita unaweza kuifidia kwa ile mizani yako. Chukua chupa ndogo ya kioo, ipime tupu. Ijaze maji hadi mdomoni, pima, toa uzito wa chupa. Tuseme maji ni gramu 350. Siku ya kupika ijaze maji ya kimea yaliyopoa: tuseme gramu 368. Gawanya kwa 350, unapata 1.051. Ikiisha kuumuka pima tena: gramu 354 ni 1.011. Toa, baki 0.040, zidisha kwa 131: kileo ni kama asilimia 5.2. Chombo kiwe kilekile na joto lilelile, na utikise gesi itoke kabla ya kupima. Uzito usipobadilika siku tatu mfululizo, kuumuka kumekwisha. Mara nyingi ni siku ya 10 hadi ya 14.

Ndipo utie sukari, gramu 3 kwa chupa ya nusu lita, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Wiki moja mahali pa joto la chumba, kisha baridini.

Hopsi hazipatikani huku. Nitumie mwarobaini? Na je, bia ya nyumbani inaweza kunipofusha? — Msomaji, Muheza

Mwarobaini hapana, wala magome ya mti usioujua dozi yake. Wewe uko Muheza, nchi ya machungwa! Tafuta danzi. Menya ganda la juu tu, lile la rangi, la madanzi mawili, ulitie dakika kumi kabla ya kuipua pamoja na punje nne za iliki iliyopondwa. Iliki ya Amani iko jirani yako. Ila fahamu kwamba hopsi huzuia pia bakteria. Bia isiyo nazo inywe ndani ya wiki mbili ikiwa kwenye friji.

Kuhusu macho: bia ya nafaka iliyoumuka tu ina methanoli, kile kileo chenye sumu, kidogo mno, haifikii kudhuru. Wanaopofuka na kufa ni wale wanaokunywa pombe kali zilizochanganywa na methanoli. Gongo usiliguse. Kulitengeneza ni kosa kisheria, na jikoni ni hatari ya moto. Bia yako nayo, ukitaka kuiuza, inahitaji leseni. Ya kunywa na wageni wako watu wazima ndiyo ninayoizungumzia.

Bi mkubwa, mimi ni Mwislamu. Napenda ladha ya kimea lakini kileo sitaki. — Msomaji, Ngamiani, Barabara ya 12

Fuata yote ya barua ya kwanza mpaka kuchemsha, hopsi uache. Poza, tia maji ya ndimu na tangawizi, weka kwenye friji mara moja, umalize ndani ya siku tatu. Kisilale nje hata usiku mmoja, kwa sababu hewa yetu ina hamira yake na kitaanza kuumuka bila ruhusa yako.

Nilifuata hesabu yako ya lita mbili za moto kwa moja ya baridi, niliyopewa na rafiki. Maji ya kimea hayakuwa matamu. — Msomaji, Lushoto

Hesabu hiyo ni ya pwani. Lushoto iko juu, kama mita 1,400. Maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ya bomba ni baridi kuliko yetu. Ulipomwaga kimea ulishuka chini ya 65. Changanya sehemu tatu za moto kwa moja ya baridi, na sufuria uipashe kwanza. Kwa kuumusha huhitaji barafu wala beseni. Weka ndoo chini, kwenye sakafu, upande usiopigwa na jua la mchana.