"Look" na vijineno vinavyoifuata

Ndugu, umeuliza kwa nini "look" inageuka maana kila ikibadilishiwa kijineno cha nyuma. Sisi tuna kitenzi kwa kila kazi: tazama, tafuta, tunza, chunguza. Kiingereza kinabaki na "look" ileile, na maana yake inabebwa na kihusishi, kile kijineno kinachoifuata: "look at", "look for", "look after", "look into". Ukisema "I am looking my keys", msikilizaji hajui kama unazitazama au unazitafuta. Shika maneno yote mawili kama neno moja.

Mtego mkubwa uko kwenye "look up", yaani kutafuta neno kwenye kamusi. Hiyo "up" ni kielezi, si kihusishi, ndiyo maana kiwakilishi kinakaa katikati: "look it up", kamwe si "look up it". Lakini "after" ni kihusishi, kwa hiyo "look after" haikubali kutenganishwa: "look after him" tu.

Na kwenye barua ya kuomba kazi, tafadhali, andika "I look forward to hearing from you" (natarajia kwa hamu kusikia kutoka kwako), si "to hear". Jipime hivi: "I look forward to it" inasimama vizuri, kwa hiyo "to" hapo ni kihusishi, na kitenzi kinachofuata lazima kibebe "-ing".