Kwa Unayeingia Karakana ya Magitaa

Kila kijana anayekuja hapa Iringa kujifunza kazi hii huuliza shingo ya gitaa inachongwaje. Sijaulizwa hata siku moja ubao umekauka kiasi gani. Simlaumu mtu, kwa maana na mimi nilipokuwa mwanagenzi sikuuliza.

Gitaa langu la tatu liliagizwa na kwaya. Uso wake, yaani ubao wa mbele, niliugundisha mwezi Machi, mvua inanyesha karibu kila siku, ubao umevimba kwa unyevu wala sijui. Lilitoka zuri. Fundi wangu, mtu asiyesifia kitu, alilipapasa mara mbili akanyamaza. Agosti mwalimu wa kwaya akarudi nalo limefungwa kwenye kitenge. Ufa ulianzia nyuma ya daraja, kile kipande cha usoni kinachoshika nyuzi, ukashuka hadi chini, kucha inaingia. Hakuna aliyeliangusha. Ni ule upepo wetu wa kiangazi, huo huo unaopasua midomo.

Ubao husinyaa kwa upana. Kwa urefu hausinyai kiasi cha kuonekana. Zile papi nyembamba tunazogundisha ndani ya uso (ndiyo, tunaziita papi kama za kwenye kenchi) nyingi hukatiza mistari ya ubao. Uso unataka kusinyaa, papi hazikubali, basi uso unapasuka. Ungegundishwa ukiwa mkavu, mvua ikija ungevimba kidogo tu na kutuna, na kutuna si kupasuka.

Kwa hiyo nina mzani wa jikoni karakana. Kila ubao wa uso naupima Jumamosi, naandika uzito kwa penseli kwenye ubao wenyewe. Ukiona gramu zimegoma kushuka wiki tatu au nne mfululizo, umetulia. Halafu subiri hewa nayo iwe kavu. Kipima unyevu kikisoma asilimia 45 hadi 50 gundisha. Kikisoma 75 shika kazi nyingine. Wakati wa masika sisi hunoa patasi, huchonga shingo, hufagia. Wateja wananung'unika. Waache.

Kuhusu mbao zenyewe, Mafinga ni karibu na paina ya msitu wa Sao Hill ni nyingi, ila imepasuliwa kwa ajili ya nyumba. Mti uliokua haraka una mistari mipana, na uso wake huwa mzito na mlegevu kwa wakati mmoja. Magitaa ya Ulaya huwekewa uso wa sprusi, mti wa nchi za baridi unaokua polepole. Sisi tunachambua. Usitazame bapa la ubao, tazama kichwani: mistari isimame wima kama meno ya kitana. Katika rundo zima unaweza kupata mbao mbili, na muuzaji atakuona mwendawazimu. Kisha ushike kwa vidole viwili karibu na pembe, ugonge katikati kwa kifundo cha kidole. Unaofaa unalia na sauti inakaa. Usiofaa unajibu kama kopo la maharage. Uso ukishapigwa randa unabaki milimita 2.5 hadi 3, na juu yake nyuzi sita za chuma zitavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, kwa hiyo usione uchoyo ninapokukatalia ubao wenye kifundo cha tawi.

Mgongo na mbavu tunatumia mninga. Mbavu unapinda kwenye bomba la chuma lenye moto, ukiwa umeulowesha ubao kidogo. Za kwanza utazivunja, sote tulizivunja.

Freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ndizo zinazowaaibisha wengi. Kwa uzi wa milimita 650, gawa kwa 17.817, unapata 36.48, hapo ndipo freti ya kwanza. Toa, zinabaki 613.52, gawa tena, na kuendelea. Ya 12 lazima iangukie 325, nusu kamili, isipoangukia rudi kwenye hesabu. Sasa sikiliza vizuri: hesabu unaifanya kwa hatua, lakini kupima kwenye ubao unapima zote kutoka mwanzo wa shingo, rula haijasogea. Mwanafunzi mmoja alipima kila freti kutoka kwa mwenzake. Alikosea unywele kila mara, akafika ya 12 akiwa amezidi milimita tatu. Ubao ulikuwa mpingo, na mpingo hauzibiki ukafichika. Ule ubao sasa ndio tunaozuilia mlango.

Vaa barakoa unapopiga msasa mpingo. Vumbi lake linawasha pua na ngozi.

Gitaa la kwaya nililitengeneza. Nilisubiri Septemba, nikaingiza kipapi cha paina mle kwenye ufa, nikasawazisha. Bado linapigwa kila Jumapili, na ukikaa viti vya mbele, jua likiingia dirishani, utaiona alama yake.