Jibu: Wanafunzi wangu hawajui kuandika insha, nianzie wapi?

Mwalimu, umesema Kidato cha Tatu chako unakipa insha kila wiki, unasahihisha hadi usiku, na wiki inayofuata makosa ni yale yale. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya kutwa, darasa limefurika kama lako. Jibu langu ni hili: simamisha insha nzima kwa muhula mmoja. Wape aya moja moja.

Najua utaniambia karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, inadai insha mbili, kila moja isipungue maneno 400, kwa saa moja na dakika 45. Ni kweli. Lakini mtoto ambaye aya yake moja haieleweki, ukimdai kurasa tatu atazijaza makapi.

Na makapi yenyewe ni mapambo ya kukariri. Unawapa kisa cha moto sokoni, mtu anaanza na majogoo kuwika, anarauka, anajitoma bafuni, anapata staftahi, anawaaga wazazi. Ukurasa umekwisha na moto haujawaka. Ukiwaka, anakupa mistari mitatu: watu wakatimua mbio, miguu niponye, basi. (Tusiwalaumu sana. Misamiati hiyo tumewalisha sisi wenyewe tangu shule ya msingi.)

Kuna mmoja aliniletea insha ya namna hiyo. Nikamuuliza kwa mdomo tu, umewahi kuona soko likiungua? Ndiyo, la kwao. Uliona nini? Akanieleza mama wa mitumba aliyekuwa akiburura robota la nguo lililomshinda uzito, watu wanampigia kelele aliache, leso imemdondoka, naye haachi. Nikamwambia: andika hayo, na uanzie hapo hapo. Aya ile haikuwa na tashbihi hata moja. Alipowasomea wenzake, wakaanza kumuuliza kama yule mama aliokoa mzigo wake.

Kwa hiyo kabla ya kalamu, wasimuliane wawili wawili. Anayesikiliza kazi yake ni kuuliza: nani? wapi? kisha? Wakishaandika, kila aya waipe kichwa cha maneno mawili matatu pembeni, kwa penseli. Aya isiyopata kichwa kwa kawaida imebeba mambo mawili, igawanywe. Zile sentensi za "na... na... halafu..." za nusu ukurasa, mwambie aliyeziandika azisome kwa sauti, pumzi ikimkatikia njiani ataona mwenyewe nukta iende wapi.

Insha ya methali ina mtego wake. Ukiwapa "Mchumia juani hulia kivulini", wengi wataandika jua tu, jasho na mateso, halafu kivuli kinapata sentensi moja mwishoni. Wafundishe kuigawa methali sehemu mbili ubaoni kwanza, kila sehemu ipate aya zake. Barua, kumbukumbu za mkutano na hotuba hazinisumbui; muundo ukishakaririwa, umekaririwa.

Kuhusu mzigo wa kusahihisha: aya moja kwa madaftari hamsini inasomeka. Tena usisahihishe kila kitu. Wiki hii angalia upatanisho wa ngeli peke yake, wiki ijayo uakifishaji, na uwaambie mapema unawinda nini. Pigia mstari tu, usiandike jibu sahihi. Alama usitoe mpaka aya iandikwe upya, kwa sababu ukishaitoa hakuna atakayefungua daftari hilo tena. Wakuu wa idara wengine hupenda kuona wino mwekundu umejaa, hivyo mweleze wako mpango huu kabla hajaja kukagua madaftari.