Nilitulia baada ya kupewa Ritalin. Je, hiyo inathibitisha nilikuwa na ADHD?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilizaliwa Morogoro, tukahamia Ohio, Marekani, mwaka 1994 nikiwa na miaka sita. Nilianza shule bila kujua Kiingereza. Haikupita miezi mingi mwalimu akasema situlii wala sisikilizi. Daktari akasema nina ADHD, yaani tatizo la kushindwa kuzingatia na kutulia, akaniandikia Ritalin, dawa ya kuchangamsha ubongo, nikaimeza mpaka darasa la sita, na kweli nilitulia. Baadaye ikagundulika kwamba masikio yangu yalikuwa yanajaa maji na sikuwa nasikia vizuri. Mama hadi leo anasema: "Kama hukuwa na ugonjwa, dawa ingekutulizaje?" Sasa mwalimu wa mwanangu wa miaka saba ameanza maneno yaleyale. Mama yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mpe mama pole yangu, kwa sababu hoja yake ndiyo waliyoishikilia hata madaktari kwa miaka mingi. Lakini si sahihi.

Ilianza hivi. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika hospitali ya watoto huko Rhode Island, aliwapa Benzedrine, ambayo ni amfetamini, dawa ya kuchangamsha kama ilivyo Ritalin, watoto 30 wenye matatizo ya tabia. Awali alikuwa akitafuta tiba ya maumivu ya kichwa waliyopata baada ya kipimo cha picha ya ubongo. Badala yake aliona 14 kati yao wakibadilika sana darasani: wanafanya kazi zao, tena kwa hamu. Nusu yao walitulia pia. Dawa ya kuchangamsha inamtulizaje mtoto? Hapo ndipo lilipozaliwa wazo kwamba ubongo wa watoto hao una kasoro, ndiyo maana dawa inafanya kinyume. Kufikia miaka ya 1960, mtoto aliyetulia kwa dawa alihesabiwa kuwa amejithibitishia ugonjwa mwenyewe.

Wazo hilo lilianguka mwaka 1978. Judith Rapoport na wenzake, katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, waliwapa amfetamini wavulana 14 wasio na tatizo lolote. Nao pia walipunguza kuhangaika, na umakini wao katika majaribio ukaongezeka. Dawa hizi huongeza kazi ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo, na hilo humsaidia karibu mtu yeyote kushikilia jambo moja kwa muda, awe na ADHD au asiwe nayo. Panadol ikishusha homa, haijakuambia kama ni malaria au ni taifodi. Kinyume chake ni kweli pia: wapo watoto wenye ADHD ya kweli ambao dawa ya kwanza haiwasaidii.

Kinachoniuma ni kwamba wewe ulianza kumeza vidonge miaka zaidi ya 15 baada ya utafiti huo kuchapishwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka uleule wa 1994 ulitaka dalili zisizopungua sita kati ya tisa za upande mmoja (kutozingatia, au kuhangaika na kukurupuka), zidumu miezi sita, baadhi ziwe zilianza kabla ya miaka saba, na zimkwamishe mtoto katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Sharti hilo la mwisho ndilo lililorukwa mara nyingi. Daktari wa kawaida alikuwa na dakika chache na barua ya mwalimu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutambua ADHD mwaka 2000 tu.

Kosa jingine lilihusu umri. Utafiti wa British Columbia, Kanada, uliochapishwa 2012, ulifuatilia watoto zaidi ya 900,000. Huko mwaka wa kuandikishwa shule huishia Desemba, kwa hiyo mtoto wa Desemba ndiye mdogo kuliko wote darasani. Wavulana wa Desemba waliambiwa wana ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya wale wa Januari, na wasichana kwa asilimia 70 zaidi. Utoto tu ulisomwa kama ugonjwa.

Wakati huohuo wasichana wengi waliokuwa na ADHD kweli, wale wanaokaa kimya dirishani huku akili iko mbali, walipitwa kwa sababu hawakumsumbua mwalimu. Nasema hili ili usiondoke ukidhani ADHD ni hadithi. Ipo, inatesa, na dawa zimewaokoa watoto wengi.

Kuhusu wewe: mtoto asiyesikia vizuri, katika lugha asiyoijua, hawezi kuonekana msikivu. Ningeanzia hapo. Lakini siwezi kukuambia kwamba hukuwa na ADHD, kwani mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Muulize mama na bibi ulikuwaje Morogoro, chekechea na nyumbani, kabla ya safari. Jibu hilo lina uzito kuliko vidonge vyote ulivyomeza. Na mama asijilaumu. Madhara ya kawaida ya Ritalin ni kupungua hamu ya kula, kukosa usingizi, na kwa baadhi ya watoto urefu kupungua kidogo. Hakuna ushahidi kwamba iliuharibu ubongo wako.

Kwa mwanao, usikatae na usikubali haraka. ADHD hurithiwa kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo swali la mwalimu ni halali. Kwanza apimwe masikio na macho. Mwambie daktari kama anakoroma usiku, maana mafindofindo makubwa huvuruga usingizi, na mtoto asiyelala vizuri hurukaruka mchana. Kama huwa anazubaa ghafla kwa sekunde chache na haitiki akiitwa, litaje hilo pia, huenda ni aina ya kifafa. Taja tarehe yake ya kuzaliwa ukilinganisha na wenzake darasani. Hojaji zijazwe na mwalimu na ninyi nyumbani, na kama mama ndiye anayeshinda naye, ajaze kwa msaada wa mkalimani. Shule ya umma huko Marekani inaweza kuombwa kwa maandishi imfanyie tathmini bila malipo. Andika barua yenye tarehe na ubaki na nakala. Na mtu akikuambia "tumjaribishe dawa tuone kama anayo", mwombe afanye tathmini kwanza.