Kumrusha darasa au kumwongezea kina?

Mzazi mwenzangu, umeeleza kwamba binti yako wa darasa la nne humaliza mazoezi ya hisabati kabla ya wenzake, kisha hupiga soga na kuadhibiwa, na umeuliza kama arushwe darasa. Kwa maoni yangu usianzie hapo, kwa sababu huko juu atakutana na kukokotoa kulekule, tofauti ikiwa ukubwa wa tarakimu tu, na huenda akachoka tena.

Zungumza na mwalimu wake kwa upole (huenda ana wanafunzi wengi kuliko madawati), umwombe jambo moja dogo: mtoto akimaliza, aruhusiwe kufungua daftari la pili lenye maswali unayomwandalia wewe. Yawe machache na magumu, maana kumwongezea hesabu 40 za aina ileile ni adhabu nyingine. Mwulize, kwa mfano, ni namba zipi zinazoweza kuandikwa kama jumla ya namba za kuhesabia zinazofuatana, kama 9 ilivyo 4 + 5, au 2 + 3 + 4. Atajaribu, atagundua kwamba 2, 4, 8 na 16 zinakataa, na hapo ndipo umtake aeleze kwa nini. Swali hilo peke yake linaweza kumshughulisha wiki nzima.

Akifika sekondari, maswali ya zamani ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, mashindano ya wanafunzi wa sekondari yaliyoanza Romania mwaka 1959, yanapatikana bure kwenye intaneti, ingawa ni makali hata kwa walimu. Suala la kuruka darasa lifikiriwe baadaye, naye mwenyewe akiulizwa.