Maswali na Majibu: Je, Hukumu ya Kifo Ifutwe?

Barua za wasomaji kuhusu hukumu ya kifo zimekuwa nyingi, na baadhi ni kali. Nimechagua sita na kuzifupisha bila kugeuza maana. Msimamo wangu nautaja mapema ili nisimvizie mtu: naona adhabu hii ifutwe, na kilichonifikisha hapo ni jinsi majalada ya kesi za mauaji yanavyotengenezwa, wala si huruma kwa muuaji.

Ukiondoa kitanzi, nani ataogopa kuua?

Hoja hii inadhani kwamba muuaji hupiga hesabu kabla ya kuua. Mauaji mengi hutokea katika ugomvi, ulevi, wivu au wizi ulioharibika, na yule anayepanga kwa utulivu huwa amekwisha kujiaminisha kwamba hatakamatwa. Mwaka 2012 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za zaidi ya miongo mitatu, likahitimisha kuwa hazifai kutumiwa kudai kwamba hukumu ya kifo inapunguza mauaji, inayaongeza au haina athari yoyote. Kanada iliifuta mwaka 1976, na katika miongo iliyofuata kiwango cha mauaji nchini humo kilishuka. Sisemi kilishuka kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba balaa linalotabiriwa kila mjadala huu unapoibuka halikutokea huko.

Zamani mahakama zilikosea kwa kuwa hazikuwa na vipimo vya vinasaba (DNA). Leo kosa litatoka wapi?

Litatoka kulekule lilikotoka zamani. Mwaka 1966 watu wanne wa familia moja waliuawa katika mkoa wa Shizuoka nchini Japani. Polisi walimkamata Iwao Hakamada, bondia wa zamani aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha miso, yaani kiungo cha soya iliyochachushwa, wakamhoji siku baada ya siku hadi akakiri. Mahakamani alikana. Zaidi ya mwaka mmoja baada ya mauaji, kesi ikiwa inaendelea, zikaonekana nguo tano zenye damu ndani ya tangi la miso, na mwaka 1968 akahukumiwa kifo. Wakati wa rufaa alijaribishwa suruali iliyodaiwa kuwa yake, nayo haikuvuka mapaja. Hata hivyo hukumu ilibaki. Miongo kadhaa baadaye mawakili wake waliuliza swali ambalo mpishi yeyote angeliuliza: mbona madoa yale yalikuwa bado na wekundu, ilhali damu iliyozama katika miso kwa mwaka mzima hugeuka rangi? Mwaka 2014 aliachiwa kusubiri kesi isikilizwe upya, baada ya kukaa kizuizini karibu miaka 48, na Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 88, mahakama ilimwona hana hatia na kutamka kwamba ushahidi ulikuwa umetengenezwa na wachunguzi.

Vinasaba vinasaidia sana, sikatai. Lakini huonyesha nani aliacha alama mahali fulani. Havionyeshi nani alikusudia kuua, wala nani aliiweka alama hiyo pale. Tena kesi nyingi hazina alama ya namna hiyo hata kidogo: zina shahidi aliyeona gizani, mshirika anayetafuta kupunguziwa adhabu na maelezo ya kukiri yaliyoandikwa kituoni. Uingereza ilimnyonga Timothy Evans mwaka 1950 kwa mauaji ya mtoto wake. Miaka mitatu baadaye iligundulika kwamba jirani wa nyumba ileile, ambaye ndiye aliyekuwa shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka, alikuwa amewaua wanawake kadhaa na kuwaficha humo humo. Evans alipewa msamaha mwaka 1966.

Kaka yangu aliuawa. Mbona mnawatetea wauaji na sisi hamtuulizi?

Pole sana, ndugu yangu. Lawama yako ina haki ndani yake, kwa sababu wengi wetu tunaopinga adhabu hii tunamjua mshtakiwa kwa jina na kumtaja marehemu kwa haraka. Nakumbuka mama mmoja aliyesimama nje ya chumba cha mahakama, karatasi ya tarehe ya kesi ikiwa imekunjwakunjwa mkononi, akimuuliza karani kwa nini kesi ya mwanawe imeahirishwa tena. Alijibiwa kwamba yeye si mhusika wa kesi. Hakusema alitaka adhabu gani, nami sikuthubutu kumuuliza, kwa hiyo sitayageuza machozi yake kuwa hoja ya upande wangu.

Ninachoweza kusema ni kwamba hukumu ya kifo haikuulizi wewe pia. Pale sheria inapomlazimisha jaji kuitoa, kauli ya familia haina nafasi, hata kama imesamehe. Kisha huanza rufaa, na kila rufaa hulifunua jeraha upya, wakati mwingine kwa miaka ishirini. Upelelezi wa haraka, taarifa ya kila hatua ya kesi na msaada kwa watoto walioachwa ni mambo ambayo serikali ingeweza kuyatoa bila kumnyonga mtu, na mara nyingi haiyatoi.

Vitabu vya dini vinairuhusu. Binadamu ni nani hata aifute?

Ni kweli Mwanzo 9:6 na Sura ya Al-Baqara aya ya 178 zinataja kisasi cha damu. Ila aya hiyo ya Qur'ani inafungua pia mlango wa msamaha na diya, yaani fidia inayolipwa familia ya aliyeuawa, na wanazuoni wameweka masharti mazito ya ushahidi. Kanisa Katoliki, kwa upande wake, lilibadilisha katekisimu, yaani kitabu cha mafundisho yake, mwaka 2018 na kusema adhabu hiyo haikubaliki. Muumini anaweza kuamini kwamba kisasi ni halali na bado akauliza kama mahakama zilizopo zinatimiza masharti yake.

Kama serikali hainyongi, sheria ikibaki vitabuni inamdhuru nani?

Inamdhuru anayesubiri. Kenya haijanyonga tangu 1987 na Tanzania tangu 1994, lakini watu wameendelea kuhukumiwa kifo. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki wa Kenya alibadilisha hukumu za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha, akieleza kwamba kusubiri muda mrefu kunawatesa kiakili. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba asiyenyongwa ndani ya miaka mitatu baada ya rufaa yake ya mwisho, hukumu yake igeuke kifungo cha maisha.

Tena sheria iliyolala huamka. Mwaka 2012 Gambia, iliyokuwa imepitisha zaidi ya miaka 25 bila kumnyonga wala kumpiga risasi mfungwa yeyote, iliwaua tisa kwa mkupuo. Bunge halikuhitaji kutunga chochote. Ilitosha kiongozi aliyepo kubadili nia.

Badala yake nini? Tuwalishe bure maisha yao yote?

Kifungo kirefu, nacho kiangaliwe upya baada ya miaka iliyowekwa na sheria, ili aliye hatari abaki ndani. Kuhusu gharama, nchini Marekani kesi za hukumu ya kifo zimegharimu zaidi ya zile za kifungo cha maisha, kwa sababu ya mawakili, wataalamu na rufaa. Ukitaka kuzipunguza itabidi upunguze rufaa, na ni rufaa hizo zilizowatoa wasio na hatia. Mimi nisingeijenga hoja yangu juu ya bei ya chakula cha wafungwa, lakini kwa kuwa umeuliza habari ya fedha, mwaka 2025 mahakama iliamuru Hakamada alipwe fidia ya zaidi ya yeni milioni 217. Alikuwa bado hai kuipokea.