Maswali na Majibu: Samaki wa Tangini Anapojeruhiwa

Barua za mwezi huu kutoka Mwanza na vitongoji vyake zimehusu zaidi samaki wa mapambo walioumia. Nimezifupisha na kuacha majina ya waandishi.

Swali (Pasiansi): Shikamoo mzee. Nina tangi la lita 80 lenye furu sita, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, wawili kati yao madume. Juzi nilimkuta dume mdogo mkia umechanika na magamba ya ubavuni yamebanduka. Je, mapezi huota tena, na nimpe dawa gani?

Jibu: Marahaba. Pezi huota tena mradi shina lake, yaani pale linapoungana na mwili, halijaliwa, na magamba nayo hurudi. Katika maji yenye joto la nyuzi 25 hivi, ambalo ndilo la kawaida kwetu bila kutumia hita, utaanza kuona ukingo mwembamba unaopitisha mwanga kwenye ncha za pezi baada ya siku chache, na kwa kawaida wiki tatu au nne hutosha kwa mkia kurejea sura yake. Wengi huuona ukingo huo wakadhani ni ukungu, wakaanza kumimina dawa juu ya pezi jipya linaloota.

Dawa unayoiuliza, kwa maoni yangu, si ya kununua. Dume la furu hushika eneo lake na kulilinda; ziwani anayeshindwa hukimbilia mwamba mwingine, lakini ndani ya kioo hana pa kwenda, kwa hiyo hupigwa tena na tena hadi afe. Madume mawili katika lita 80 ndiyo hesabu mbaya kuliko zote, kwa sababu hasira yote ya mkubwa humwangukia mmoja. Mtenganishe leo hii. Mchote kwa bakuli badala ya wavu, kwani nyuzi za wavu hukwangua ute unaoizuia ngozi isiingiliwe na vijidudu. Muweke katika ndoo ya lita 20 ambayo haijawahi kutiwa sabuni, yenye maji lita 15, jiwe la hewa (kijiwe kinachotoa mapovu ya pampu), kigae cha chungu cha kujifichia na kifuniko chenye matundu. Kwa kuwa ndoo haina chujio lililokomaa, yaani lenye bakteria wanaoigeuza amonia isiwe sumu, amonia inayotoka katika kinyesi na matamvua (viungo vya kupumulia) ya samaki hujikusanya upesi na kuyaunguza matamvua hayo hayo. Badilisha theluthi moja ya maji kila siku, na umlishe kidogo tu, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili.

Siku ya kumrudisha, panga upya mawe yote ya tangini kwanza. Mkubwa atakuta mipaka yake imefutika, na wote wataanza kama wageni. Hata hivyo, ningekuwa mimi ningempatia huyo mdogo tangi lake.

Swali (Igoma): Nimeambiwa niweke chumvi, lakini chumvi ya dukani ina madini joto. Je, haitamuua samaki? Na kati ya maji ya bomba na ya ziwani, yapi bora?

Jibu: Kiasi cha madini joto kilichomo katika chumvi ya kupikia ni kidogo mno kumdhuru samaki. Faida ya chumvi ni hii: mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia muda wote naye hufanya kazi ya kuyatoa kwa mkojo. Ngozi inapochubuka, mlango huo hupanuka na kazi huongezeka. Chumvi kidogo ndani ya maji humpunguzia mzigo huo. Gramu 2 kwa lita moja zinatosha, maana yake gramu 30 kwa ndoo yenye lita 15, takriban vijiko vitano vya chai vilivyosawazishwa. Iyeyushe kwanza katika kikombe, kisha uimimine kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Ukibadilisha maji, rudishia chumvi ya maji uliyoyatoa tu. Yaliyopungua kwa kukauka hayaondoki na chumvi, kwa hiyo usiongeze.

Kuhusu maji, chukua ya bomba, uyaweke katika ndoo wazi pamoja na pampu ya hewa kwa saa 24 ili klorini itoke. Maji ya ziwani yanavutia kwa kuwa ndiko furu alikotoka, lakini yale ya ukingoni karibu na makazi huleta vimelea kwenye kidonda kibichi, na wewe mwenyewe unaweza kuambukizwa kichocho wakati wa kuyachota.

Swali (Nyegezi): Jike langu amevimba chini ya taya, hafungui mdomo vizuri na hajala kwa siku nne. Nadhani amegonga jiwe. Nimfungue mdomo nimwangalie?

Jibu: Usimguse. Furu wa ziwa letu hutamia mayai mdomoni, na maelezo yako yote ni ya jike mwenye mayai: koo limetuna, taya linatafunatafuna polepole kana kwamba ana kitu anachokigeuza, na chakula hakitaki. Hukaa hivyo wiki mbili hadi tatu. Ukimfungua mdomo utamjeruhi kweli, naye atatema mayai. Jambo la kumfanyia ni kumwepusha na madume na kupunguza kelele mbele ya kioo. Angekuwa amegonga jiwe ungeona wekundu au mchubuko upande mmoja, na mdomo ungebaki wazi badala ya kufumbwa.

Swali (Buswelu): Kidonda cha samaki wangu wa dhahabu kimeota kitu cheupe kama pamba. Rafiki yangu amenishauri nifungue kidonge cha rangi mbili na kukimwaga tangini.

Jibu: Hiyo pamba ni ukungu, na vidonge hivyo ni vya kuua bakteria, kwa hiyo havitaugusa. Vitakachoweza kuua ni bakteria wema wanaoishi kwenye sifongo ya chujio, ambao ndio huigeuza amonia isiwe sumu, na ndani ya siku chache utakuwa na samaki wote wagonjwa badala ya mmoja. Ukungu huu huanzia kwenye nyama iliyokufa, hasa pale maji yanapokuwa machafu. Mhamishie kwenye ndoo ya chumvi niliyoieleza hapo juu. Usipopungua kwa siku tatu, tumia dawa ya methileni bluu inayouzwa kwa ajili ya samaki, kwa kipimo cha lebo yake, ndani ya ndoo tu, kwa kuwa nayo huwadhuru bakteria wa chujio na kutia rangi kila inachogusa. Kama una mkwaruzo mkononi, vaa glavu. Wapo bakteria wa tangini wanaoingia kwenye ngozi ya binadamu na kuacha vidonda visivyopona haraka.

Swali (Igombe): Gogogo wangu amenasa kwenye kimia na kila nikimvuta anazidi kujifunga.

Jibu: Miiba ya mgongo na ya ubavuni ya gogogo hujifunga yenyewe anaposhtuka, na kumvuta ni kuichomoa. Mweke majini pamoja na kimia, kisha ukate nyuzi kwa mkasi. Kwa kuwa hana magamba, mpe nusu ya chumvi niliyoitaja.

Swali (Kirumba): Furu wangu amepasuka tumbo baada ya kuruka nje ya tangi na kukanyagwa. Bado anapumua. Nimrudishe ziwani akafie kwao?

Jibu: Pole sana. Hapana, usimrudishe. Samaki aliyekaa tangini, hasa pamoja na samaki wa kununua, anaweza kupeleka ziwani magonjwa ambayo furu waliobaki hawayajui, na furu wamekwisha kupoteza jamaa wengi tangu sangara alipoingizwa. Tumbo likipasuka hadi utumbo kuonekana, hakuna matibabu ya nyumbani.

Nunua mafuta halisi ya karafuu, haya yanayotoka Pemba. Weka mililita 1 ndani ya chupa yenye maji kidogo ya uvuguvugu, tikisa hadi yawe meupe kama maziwa, kisha uyamimine katika bakuli la lita 2 za maji ya tangi lake na umweke samaki humo taratibu. Atalala, halafu matamvua yatasimama. Mwache nusu saa nyingine baada ya hapo, kwa sababu huweza kuonekana amekufa ilhali amelala tu. Mfukie bustanini, na maji ya bakuli uyamwage mbali na mfereji unaoelekea ziwani.